Daktari wa Ng'ombe Aliyejua Kabla Yangu

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho ya kuona na mkono wa kushika kalamu. Yeye ndiye aliyeumba nyama na ngozi na mshipa, akaujua mwili wa kila mmoja wetu kabla mama zetu hawajatujua. Sifa ni zake kwanza, na za madaktari zije nyuma, tena kwa mbali. Nimeanza hivyo makusudi, kwa sababu nataka kumwandika daktari mmoja, na nina hatari mbili: shukrani inaweza kunifanya nimsifu kupita kiasi, na wivu unaweza kunifanya nimpunje.

Wivu upo. Mimi ni mzee wa kanisa na nimeomba juu ya jambo hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, lakini Mungu kwa hekima yake ameniachia. Mtu huyu alijua kwamba mke wangu ana uvimbe kifuani kabla mimi sijajua. Mimi niliyelala kitanda kimoja naye, niliyekula naye na kumzika mama yake, nililetewa habari hiyo na mtu wa kutibu wanyama. Kwa miaka mingi nilitaka kujua jambo moja tu: kwa nini yeye?

Hapa Tawa tulimwita Daktari wa Ng'ombe, ingawa wengi wa wagonjwa wake walikuwa punda. Alikuwa mtu wa serikali, ofisi yake ikiwa juu Kikima, na siku za soko aliteremka kwa pikipiki yenye sanduku nyuma. Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali yake haikuwahi kufika viatuni. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa amefanya kazi Kitui, ng'ambo ya mto Athi, na alisema huko ndiko alikojifunza kumheshimu punda.

"Ng'ombe akiugua wanaume wanaitisha kikao," aliniambia. "Punda akiugua mama analia peke yake jikoni."

Maneno kama hayo ndiyo yaliyowafanya kina mama wampende. Mimi nilikuwa nimeongoza ibada zao, nimebariki watoto wao, nimetembea kwenda kwenye matanga yao jua likiwaka, na sikuwahi kuona wakikimbia kufuta benchi nilipofika. Pikipiki yake ikisikika tu kwenye kona, benchi linafutwa.

Hakunywa chai ya moto. Kwetu sisi hilo ni karibu tusi, maana mgeni hupewa chai inayotoa mvuke ili ajue imepikwa kwa ajili yake. Yeye aliiweka kando, akazungumza mpaka utando ukafunga juu, ndipo akanywa kikombe chote kwa mkupuo. Mtu aliyetibu uvimbe wa wanyama kwa joto na umeme, kama nitakavyoeleza, kinywa chake hakikuvumilia joto. Mke wangu, Mama Mwende, akazoea kupika chai mapema siku za soko na kuiweka dirishani ipoe kabla hajafika. Siku moja nikaletewa kikombe cha vuguvugu.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Asi! Nimewachanganya," akasema, akacheka mpaka akashika mlango.

Mimi sikucheka. Niliinywa yote.

Tena, mtu huyo wa umeme aliogopa radi. Mvua za Novemba zikianza kunguruma juu ya vilima vya Mbooni, aliegesha pikipiki kwenye nyumba yoyote iliyo karibu, akaingia, akakaa mbali na bati na dirisha, mikono katikati ya magoti. Watoto walimcheka waziwazi. Hakukasirika. Alisema, "Mimi najua umeme mdogo unafanya nini. Ndiyo maana naogopa ule mkubwa."

Kanisani hakuingia. Jumapili alisimama nje karibu na dirisha, akasikiliza nyimbo, na mahubiri yakianza akaondoka zake. Nilimuuliza sababu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza nyimbo, na mhubiri alikuwa mwingine.

"Nyimbo ni zako, Mzee," akasema. "Nikae kungojea nini tena?"

Ni sifa iliyonifurahisha kwa siku nzima, na iliyoniudhi kwa wiki nzima, kwa sababu sikupata namna ya kumchukia mtu aliyeisema.

Sasa nieleze lile sanduku. Lilikuwa la kijivu, na chuo alichosomea ng'ambo ndicho kilichompa, ili alijaribu kwa wanyama na kukiandikia yanayotokea. Liliunganishwa na betri ya gari. Ndani yake ulitoka waya wenye mpini, na kwenye mpini kulikuwa na sindano zilizopangwa safu mbili, kama meno ya kitana. Sindano ziliingizwa kwenye uvimbe, safu moja huku na nyingine kule, kisha akabonyeza. Ulisikia tak, tak, tak. Mnyama alikuwa amechomwa dawa ya kumlegeza, lakini bado nyama yake iliruka kidogo kila mara, kama ngozi ya ng'ombe inavyomfukuza inzi.

Lakini kabla ya sanduku ilikuja kazi ya kupasha joto, na hiyo ndiyo aliyoijali kuliko yote. Uvimbe ulifunikwa kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji ya moto, vikibadilishwa kimoja baada ya kingine bila kupumzika, mpaka joto lizame ndani. Si joto la kuunguza. Alilipima kwa kipimajoto chake na kusema lazima lifanane na homa kali, lisizidi.

Wanaume walimuuliza kwa nini asichome tu kwa chuma chekundu kama wazee wetu walivyofanya.

"Chuma hakichagui," akawajibu. "Kinaunguza kizuri na kibaya. Sikilizeni. Uvimbe ni vijumba vidogo sana vilivyobanana, na kila kimoja kina ukuta. Umeme wa ghafla unatoboa ukuta, kijumba kinakufa. Lakini ukuta ukiwa baridi ni mgumu, itabidi nitie umeme mwingi, na mwingi utamuumiza punda. Nikiupasha kidogo, ukuta unalegea. Hapo umeme kidogo unatosha."

"Na joto peke yake?"

"Joto peke yake linamfurahisha uvimbe. Anaoga."

Walicheka wote. Mke wangu naye alicheka. Nilikumbuka mfano mzuri niliowahi kutoa katika ibada ya Jumatano juu ya ugumu wa moyo, na jinsi hakuna aliyeukumbuka alipofika mlangoni.

Punda wetu ndiye aliyemleta mtu huyu uani kwangu. Ilikuwa miaka ile ya ukame, mito yote imebaki mchanga, na maji yalichotwa kwenye visima vilivyochimbwa mchangani, mbali. Mke wangu alikuwa katika mwethya, kile kikundi cha kina mama wanaolimiana na kujengeana matuta kwa zamu, na punda wetu ndiye aliyebeba maji ya kikundi. Chini ya sikio lake la kushoto ukaota uvimbe. Ulianza kama harage, ukawa kama kiazi, ukapasuka, inzi wakauvamia, na hatamu haikuweza kukaa tena. Punda huyo akifa, mitungi ingerudi mgongoni mwa Mama Mwende, na kamba kwenye paji la uso wake. Niliomba kwa ajili ya yule punda hadharani, jambo ambalo baadhi ya wazee wenzangu hawakulipenda.

Daktari akaja, akautazama uvimbe kwa muda mrefu, akaniambia, "Nahitaji watu wa kupasha. Mikono mingi isiyochoka."

Mwethya wote ukaja, na kuni na sufuria. Alikuwa na saa mkononi, lakini hakutaka kuitumia. "Saa inaniambia mimi," alisema. "Haiwaambii ninyi. Mtachoka, mtaanza kuzungumza, vitambaa vitapoa. Nataka wimbo. Mrefu, wa polepole. Ukiisha, tumemaliza kupasha." Akanigeukia. "Mzee, upo ule mnaoimba mkienda makaburini. Ule nausikiaga nikiwa dirishani."

Kweli, hatuna wimbo mrefu kuliko huo. Ni wa kumsindikiza marehemu, nao unakwenda mwendo wa watu waliobeba jeneza. Lakini siku hiyo niliitwa kwenye kikao cha kanisa, na wimbo ukaachwa mikononi mwa Syombua, kiongozi wa mwethya, mama mwenye sauti ya kuvuka bonde.

Nilisimuliwa yaliyotokea. Syombua alishika kiuno. "Tumwimbie punda wimbo wa maziko, na bado anapumua? Mnataka nani abebe maji, mimi?" Wenzake wakakubali. Hawakuukataa wimbo, maana Daktari aliutaka. Waliimba maneno yale yale, ubeti kwa ubeti, lakini kwa mwendo wa jembe, wakipiga makofi na vigelegele, kusudi kifo kisije kikadhani kimeitwa. Wimbo wa kutembea na jeneza ukawa wa kucheza, ukaisha upesi. Daktari alikuwa amepiga magoti akifunga waya kwenye betri. Aliposikia ubeti wa mwisho alisimama, akapima, akakuta ngozi ni moto, akaweka sindano.

Uvimbe ulikauka ukadondoka, na kina mama wakamwimbia Daktari. Mvua ziliponyesha na kuisha, ukingo wa uvimbe ukarudi, mwekundu, upande wa ndani.

Daktari alipousikia kwa kidole hakumlaumu mtu. Akauliza tu waliimbaje. Syombua, ambaye haogopi mtu, akamwonyesha, na makofi yake yote. Daktari akafunga macho akisikiliza.

"Nilipima ngozi," akasema. "Ndani kulikuwa bado baridi. Kosa ni langu."

"Hapana, ni letu," akasema Mama Mwende.

"Basi tugawane, mwaitu."

Mwaitu ni neno tunalomwitia mama kwa heshima, kila mtu hulitumia. Kwake yeye lilikuwa na namna yake ya kutoka.

Mara ya pili niliongoza mimi. Nilisimama mbele ya punda, nikaushika wimbo kwa mwendo wake halisi, nikamkazia macho Syombua kila mguu wake ulipotaka kucheza. Mvuke ulipanda. Kina mama walipokezana vitambaa. Mke wangu na Daktari walikuwa upande mmoja wa shingo, mikono yao ikikutana juu ya kitambaa kimoja, ikiachana, ikikutana. Mke wangu alimwambia neno, na Daktari akamjibu kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa katikati ya ubeti, siwezi kuuacha. Sijawahi kuimba wimbo mtakatifu kwa moyo mchungu kama ule. Watu waliniambia baadaye kwamba niliimba vizuri mno.

Wimbo ulipokwisha akapima, akaingiza sindano. Tak, tak, tak. Akaniambia, "Leo ilikuwa sawa, Mzee." Basi, hayo tu. Kina mama aliwashukuru mmoja mmoja.

Uvimbe haukurudi tena. Palibaki kovu lisilo na nywele, na punda alibeba maji mpaka uzee wake.

Habari zilienea, na hapo ndipo nilipomwona Daktari akikasirika, mara moja tu. Mzee mmoja alikuja na uvimbe shingoni mwake mwenyewe, akakaa chini kando ya sanduku, akafungua kola. Daktari akafunika sanduku kwa koti lake.

"Hili ni la wanyama."

"Na mimi ni nani? Nimebeba mizigo kuliko punda wako," yule mzee akasema, watu wakacheka.

"Usinichezee!" Daktari akafoka. "Halijajaribiwa kwa mtu. Nikikuua, ni nani atakayeniambia nilikosea wapi? Una madaktari wako. Nenda leo."

Akampakia kwenye pikipiki, akampeleka mwenyewe mpaka hospitali. Nilisimama nikitazama vumbi, nikifikiri kwamba hata hasira yake ni nzuri kuliko upole wangu.

Baada ya hayo ndipo alipokuja uani kwangu siku isiyo ya soko, bila sanduku. Aliniita pembeni, karibu na boma la mbuzi. Hakuketi.

"Mzee, mpeleke mama hospitali. Wiki hii."

"Ana nini?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakwambia muulize yeye," akasema, akaondoka bila hata kungojea chai ipoe.

Nilimkuta mke wangu akipepeta ndengu. Nilipomuuliza, aliweka ungo chini. Hakulia. Aliushika mkono wangu akauweka upande wa kushoto wa kifua, na hapo, chini ya ngozi, niliusikia. Mdogo, kama harage. Mgumu.

"Ulimwonyesha?" ndilo neno la kwanza lililonitoka.

"Nimwonyeshe nini, wewe?"

"Basi amejuaje?"

"Amejua," akasema, akachukua ungo wake.

Tulikwenda Nairobi, hospitali kubwa. Walimpasua. Walisema tumefika mapema, na kwamba wengi wa upande wetu hufika wakiwa wamechelewa. Mungu akamrudisha nyumbani akiwa mzima, akiwa amepungua upande mmoja, na mkono wa upande huo ukawa mzito tangu siku hiyo. Nilimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima. Katika shukrani ile nilimtaja Daktari wa Ng'ombe, na nilimtaja kwa haraka, katikati ya majina mengine. Mwaka huohuo akahamishwa, na wengine wakasema baadaye amestaafu.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimekwenda Emali kutazama mbuzi, na nilipochoka nikaingia hoteli moja karibu na stesheni kupumzisha miguu. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mzee mwembamba, suruali imeishia juu ya vifundo, na mbele yake kikombe cha chai kilichofunga utando.

Alikuwa haoni vizuri. Nilipomsalimia aliitambua sauti, akasema, "Mwimbaji," akanishika mkono kwa mikono miwili. Aliuliza habari za punda kwanza. Nikamwambia alikufa kwa uzee. Akafurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Sanduku, alisema, liliharibika zamani, na wale wa chuo waliompa walikuwa wameacha kumjibu. Lakini alikuwa amesikia kwamba kuna watu mahali pengine wanaendelea na jambo lile lile, joto kidogo na umeme kidogo, na huenda siku moja likafaa watu.

"Wataimba nini hao?" akauliza, akacheka peke yake.

Nilingoja mpaka akamaliza kucheka.

"Daktari, kuna neno nimelibeba. Mke wangu alikuambia lini?"

"Hakuniambia."

"Daktari."

"Hakuniambia, Mzee. Siku ile ya mara ya pili, tukipasha, aliniuliza kama punda husikia uchungu uvimbe unapoanza. Nikamjibu hapana, mwanzoni hauumi, ndiyo hatari yake. Akaacha kuimba. Wenzake wote wanaimba, yeye kimya. Mkono mmoja ukabaki kwenye kitambaa, na mwingine ukapanda hapa." Akagusa kifua cha koti lake. "Nikasema moyoni, mume wake yuko mbele yake, ameona, atamuuliza. Nikangoja. Kila siku ya soko nilikutazama usoni, nikaona hujauliza. Ndipo nikaja."

"Nilikuwa nawaangalia siku ile," nikasema. "Sikuondoa macho."

"Najua." Alisema kwa upole, kama alivyozungumza na punda. "Ulikuwa unaniangalia mimi."

Akanywa chai yake yote kwa mkupuo, akapangusa mdomo, akaniuliza mbuzi wa Emali siku hizi wakoje.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama Mwende alikuwa barazani. Nilimwambia niliyemkuta.

"Amezeeka?"

"Amezeeka."

"Bado anakunywa chai baridi?"

"Bado."

Akatabasamu akitazama mbali, na ule wivu wangu wa zamani ukaniinukia kama mbwa anayemjua mwenyewe. Nikauacha uinuke. Akaniletea kikombe, kinatoa mvuke. Nikakiweka kando, nikavuta kigoda nikakaa upande wake wa kushoto, ulipo ule mkono mzito.

"Huu mkono," nikamwambia, "leo unausikiaje?"

Alinigeukia akanitazama kama amtazamavyo mtu aliyebisha hodi katika nyumba yake mwenyewe. Kisha akaanza kuniambia. Aliniambia ya siku hiyo, na ya mwezi uliopita, na ya ile asubuhi akipepeta ndengu, na ya kabla ya hapo, na mimi sikumkatiza. Alipomaliza, nikachukua chai. Ilikuwa imefunga utando. Nikainywa yote.

Wewe unayesoma, Mungu akupe afya mwilini na amani chini ya paa lako. Na kama yupo aliyenyamaza karibu nawe wengine wakiimba, Bwana akugeuze macho umwone, nawe ukapate kumuuliza mapema. Amina.